George Herriman: Mchoraji wa Paka na Panya Aliyeishi na Siri ya Asili Yake

Kwa kawaida cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha mtu mmoja hutoa taarifa zinazolingana. Kwa George Herriman, mchoraji wa katuni wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1944, haikuwa hivyo. Cheti chake cha kifo kilimtambulisha kuwa Mzungu. Mwaka 1971, miaka 27 baada ya kifo hicho, msomi aliyekuwa akiandaa wasifu wake alikipata cheti cha kuzaliwa katika jiji la New Orleans. Cheti hicho kilimsajili kuwa mtu wa rangi, jina lililotumika wakati huo kwa watu wenye asili ya Kiafrika. Kati ya nyaraka hizo mbili ndimo yalimopita maisha ya mtu aliyewachekesha wasomaji wa magazeti kwa zaidi ya miaka 30.

Herriman alizaliwa Agosti 22, 1880, katika jimbo la Louisiana. Familia yake ilitoka katika jamii ya Wakreoli, watu wenye damu mchanganyiko ya Kiafrika na Kizungu, ambao wengi wao walikuwa mafundi stadi, wafanyabiashara na wasomi. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Hata hivyo, nafasi ya jamii hiyo ilizidi kufinywa. Mwaka 1890 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuwatenganisha Wazungu na watu weusi katika mabehewa ya treni. Homer Plessy, Mkreoli wa New Orleans, aliipinga sheria hiyo hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1896 mahakama hiyo ikaamua kwamba ni halali.

Wakati huo akina Herriman walikuwa wamekwisha kuondoka. George alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, wazazi wake walihamia Los Angeles, upande wa pili wa nchi, ambako hakuna aliyewajua. Huko waliishi wakihesabiwa kuwa Wazungu. Uamuzi huo ulimfungulia kijana milango ambayo vinginevyo ingebaki imefungwa, lakini ulimtwika pia mzigo ambao hakuutua maisha yake yote.

Uzito wa mzigo huo unaonekana katika ndoa yake. Mwaka 1902 alimwoa Mabel Bridge, mwanamke wa Kizungu, mjini Los Angeles. Sheria ya jimbo la California ilipiga marufuku ndoa kati ya Mzungu na mtu mweusi, na katazo hilo lilidumu hadi mwaka 1948. Kwa hiyo, iwapo asili yake ingejulikana, si kazi yake pekee ambayo ingekuwa hatarini, bali pia uhalali wa ndoa yake na heshima ya mabinti zake wawili. Hadharani hakuwahi kujitangaza kuwa mtu mwenye asili ya Kiafrika. Baadhi ya wafanyakazi wenzake walimdhania kuwa Mgiriki. Katika picha zake nyingi anaonekana amevaa kofia, hata akiwa ndani ya nyumba.

Kazi ya uchoraji aliianza katika magazeti ya Los Angeles, kisha akaenda New York kutafuta nafasi kubwa zaidi. Mwaka 1910 alikuwa akichora katuni ya familia moja ya mjini katika gazeti la New York Evening Journal. Siku moja, chini kabisa ya visanduku vya katuni hiyo, alichora panya akimtupia paka kitu kichwani. Mzaha huo mdogo uliwapendeza watu, ukaendelea kukua, na Oktoba 28, 1913 paka huyo akapewa katuni yake mwenyewe, Krazy Kat. Mwaka 1916 akaanza kupewa ukurasa mzima katika toleo la mwisho wa wiki.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Paka, Krazy, anampenda panya aitwaye Ignatz. Panya hampendi paka hata kidogo, na kila siku hutafuta tofali la kumpiga nalo kichwani. Krazy, badala ya kuumia, hulipokea kila tofali kama salamu ya mapenzi. Mbwa mmoja askari polisi, ambaye naye anampenda paka kimyakimya, humkamata panya na kumtia jela. Kesho yake jambo hilohilo huanza upya, kwa namna nyingine. Herriman alikirudia kisa hicho kwa maelfu ya michoro bila kukichosha.

Aidha, mambo mengi katika katuni hiyo hayakutulia mahali pamoja. Milima na miti nyuma ya wahusika hubadilika kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Wahusika huchanganya Kiingereza na maneno ya Kihispania, Kifaransa na lugha nyingine. Hata jinsia ya Krazy haikuwahi kuamuliwa. Jambo hilo liliwasumbua wasomaji wa Kiingereza, lugha inayomlazimu msemaji kuchagua kati ya mwanamume na mwanamke. Kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye neno yeye humtosheleza kwa wote wawili, huenda lisingekuwa tatizo.

Krazy ni paka mweusi. Katika mojawapo ya visa, anakwenda kwa mtengeneza nywele na kutoka akiwa mweupe. Ignatz, bila kumtambua, anavutiwa naye papo hapo. Anapogundua kuwa ni paka yuleyule, mapenzi yanakwisha na tofali linarushwa. Wasomaji wa wakati huo walicheka na kufungua ukurasa mwingine. Hawakuwa na sababu ya kujiuliza mchoraji alikuwa akiongea habari za nani.

Katuni hiyo haikupendwa na kila mtu, na wahariri wengine hawakuielewa. Iliendelea kwa sababu mmiliki wa magazeti, tajiri William Randolph Hearst, aliithamini na kuilinda. Wasomi nao waliipa heshima ambayo katuni za magazeti hazikuwa zimezoea kupewa. Mwaka 1922 ilitungiwa muziki na kuchezwa jukwaani mjini New York, na mwaka 1924 mhakiki Gilbert Seldes aliihesabu miongoni mwa kazi bora za sanaa za nchi yake.

Miaka ya mwisho ya Herriman ilijaa majonzi. Mkewe alifariki dunia mwaka 1931 kutokana na ajali ya gari, na mwaka 1939 akampoteza binti yake mdogo. Aliendelea kuchora nyumbani kwake Los Angeles, akiwa na paka na mbwa aliowafuga, hadi alipofariki dunia usingizini Aprili 25, 1944, akiwa na umri wa miaka 63. Michoro ambayo hakuimaliza iliachwa mezani. Hakuteuliwa mtu wa kuiendeleza kazi hiyo, na ukurasa wa mwisho ulichapishwa Juni 25 mwaka huo, ukimwonesha askari mbwa akimbeba Krazy kutoka majini.

Majivu yake yalitawanywa Monument Valley, bonde la jangwani mpakani mwa Arizona na Utah, ambalo alilipenda na kulichora mara nyingi. Tangu cheti cha kuzaliwa kilipopatikana, kurasa zake zimesomwa kwa jicho jingine. Kisa cha paka aliyependwa kwa saa chache alipodhaniwa kuwa mweupe bado kinachekesha, ila sasa msomaji anajua kwamba aliyekichora alikuwa na mengi ya kupoteza laiti mtu angeuliza alizaliwa wapi.