Selous: Mwindaji aliyeiacha bunduki kubwa akafuata shabaha

JINA la Frederick Courteney Selous si geni masikioni mwa Watanzania. Tangu mwaka 1922 lilibebwa na pori kubwa la akiba lililoko kusini mwa nchi, hadi mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilipofanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wengi humfahamu kama mwindaji wa tembo wa Kiingereza aliyeuawa vitani na kuzikwa Beho Beho, kaskazini mwa Mto Rufiji.

Lisilosimuliwa sana ni swali lililomwandama mtu huyo tangu ujana wake: bunduki ya baruti nyeusi iwe na mtutu wa kipenyo gani ili risasi ifike mbali na kupiga pale ilipolengwa? Jibu lake la kwanza lilikuwa kosa, na kosa hilo liliuharibu mwili wake. Jibu la pili, ambalo walenga shabaha wa Uingereza walikuwa wamelifikia kabla yake, ndilo lililomjengea sifa.

Selous alizaliwa London Desemba 31, 1851, katika familia yenye uwezo. Baba yake alipata kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la jiji hilo. Mtoto huyo hakuvutiwa na hesabu za fedha. Alipenda ndege, mayai ya ndege na vitabu vya wasafiri wa Afrika. Januari 1867, akiwa na umri wa miaka 15, alinusurika katika ajali ya Regent's Park, pale barafu ilipopasuka ziwani na kuua watu 40 waliokuwa wakiteleza juu yake. Baada ya masomo katika shule ya Rugby, na baadaye Uswisi na Ujerumani, aliamua kwenda Afrika kutafuta pembe za ndovu.

Alitua Algoa Bay, Afrika Kusini, Septemba 4, 1871 akiwa na pauni 400 mfukoni na miaka 19 ya umri. Alikuja na bunduki nzuri ya mitutu miwili, lakini iliibwa alipopita kwenye machimbo ya almasi. Ndipo alipolazimika kuchagua silaha nyingine, na uchaguzi wake uliongozwa na ufinyu wa fedha pamoja na ushauri wa wawindaji wa zama hizo, walioamini kwamba mnyama mkubwa anahitaji risasi kubwa.

Alinunua magobori mawili ya bei nafuu yaliyotengenezwa Birmingham kwa ajili ya kupiga bata. Bunduki za aina hiyo zilipimwa kwa hesabu rahisi: ratili moja ya madini ya risasi inatoa goroli ngapi zinazoenea katika mtutu. Magobori ya Selous yalikuwa ya namba nne, yaani goroli nne tu kwa ratili. Kila goroli ilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 110 na upana wa takriban sentimita mbili na nusu. Mtutu ulikuwa laini ndani, na baruti ilimiminwa kwa mdomo wa bunduki, takriban gramu 35 kwa kila mlio, nyingine ikichotwa kwa mkono kutoka katika mfuko wa ngozi bila kupimwa.

Mwaka 1872 alifika Bulawayo mbele ya Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda. Mfalme alimcheka kwa kumwona mtoto, kisha akamruhusu aende apendako. Katika misimu mitatu iliyofuata kijana huyo aliua tembo 78 kwa magobori yale, akiwinda kwa miguu kwa kuwa mbung'o waliua farasi katika maeneo yale.

Hata hivyo, bunduki ile haikuwa na msaada wowote kwa umbali. Goroli ya mviringo hupoteza kasi upesi hewani, na ikitoka katika mtutu laini haina mzunguko wa kuiongoza. Ilimlazimu Selous amkaribie tembo hatua chache, afyatue, kisha akimbilie pembeni mwa wingu zito la moshi mweupe ili aone kama mnyama ameanguka au anamjia. Kila mlio ulimgharimu pia yeye mwenyewe, kwa kuwa gobori lile lenye uzito usiofika kilo sita lilirudi nyuma kwa nguvu ya kutisha. Safari moja fataki ilikataa kulipuka, na msaidizi wake akaishindilia bunduki mara ya pili bila kuiondoa baruti ya kwanza. Ilipolia ilimnyanyua kijana huyo na kumtupa chini, kitako kikavunjika na uso wake ukajeruhiwa.

Madhara makubwa zaidi hayakuonekana kwa macho. Selous alikiri baadaye kwamba mapigo yale yaliharibu mishipa yake ya fahamu kiasi cha kuathiri ulengaji wake maisha yake yote, na kwamba alijuta kuwahi kuishika bunduki ile. Mwili unaotarajia pigo hujikunja kabla ya kidole kuvuta kifyatulio, na mtutu huhama. Ukosefu wa shabaha alioupata ulitokana na ukubwa wa silaha aliyodhani ingemsaidia.

Wakati Selous akihangaika porini, wenzake huko Uingereza walikuwa wakilijadili suala hilo hilo katika viwanja vya shabaha. Mwaka 1857 mhandisi Joseph Whitworth alilinganisha bunduki yake yenye kipenyo cha milimita 11.5 na ile ya jeshi la Uingereza, aina ya Enfield, yenye milimita 14.7. Kwa umbali wa yadi 500, ambazo ni mita 457, risasi za Whitworth zilikaa karibu karibu mara sita zaidi ya zile za Enfield. Pamoja na ushindi huo jeshi liliikataa, sababu mojawapo ikiwa kwamba mtutu mwembamba ulijaa masizi ya baruti upesi.

Hapo ndipo ulipo ugumu wote wa kuchagua kipenyo. Baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa, haigeuki yote kuwa gesi. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama masizi na moshi. Aidha, kasi inayoweza kuipa risasi nzito ina ukomo wake, na kuongeza baruti zaidi huongeza pigo begani kuliko mwendo wa risasi. Njia iliyobaki ni kuirefusha risasi. Risasi ndefu na nzito kwa upana wake hukata hewa vizuri, hutunza kasi na haipeperushwi sana na upepo, ili mradi mifereji ya ndani ya mtutu iizungushe vya kutosha.

Mtutu ukiwa mpana sana, risasi ndefu inayolingana nao huwa nzito mno kwa bega la mpigaji anayetakiwa kufyatua mara kadhaa wa kadhaa kwa siku. Ukiwa mwembamba sana, masizi huuziba na risasi hukosa uzito wa kushindana na upepo. Kati ya pande hizo mbili walenga shabaha waliangukia milimita 11 hadi 12, na risasi ya gramu 30 hadi 36. Mwaka 1874, katika uwanja wa Creedmoor jijini New York, Wamarekani waliwashinda Waireland kwa pointi 934 dhidi ya 931 katika umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Bunduki zilizoshindana hapo zilikuwa za vipenyo vya aina hiyo. Hata leo wapenzi wa mchezo wa shabaha ndefu kwa baruti nyeusi bado hupendelea vipenyo hivyo.

Aliyelitatua tatizo la masizi alikuwa mhandisi mwingine wa Kiingereza, William Ellis Metford. Alichonga mifereji myepesi isiyo na kina, ambayo masizi hayakupata pa kujishikiza, akatumia risasi ngumu iliyozungushiwa karatasi. Fundi George Gibbs wa Bristol alizitengeneza bunduki za mtindo huo, na zilitamba katika mashindano ya Wimbledon.

Selous aliporejea porini na bunduki ya Gibbs yenye mtutu wa Metford, maisha yake ya uwindaji yalibadilika. Kipenyo chake hakikufikia nusu ya kile cha gobori la zamani. Risasi yake nzito ya tembo ilikuwa na uzito wa karibu gramu 35, sawa na baruti peke yake aliyokuwa akiishindilia katika gobori. Pamoja na udogo huo ilipenya zaidi, ilifika mbali zaidi, na kubwa kuliko yote, haikumtia hofu aliyeishika. Ndiyo bunduki iliyoandamana na jina lake katika miaka ya 1880, baada ya kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1881, kumfanya mashuhuri.

Sifa hiyo haikuwa bila kivuli. Mwaka 1890 Selous aliongoza njia ya msafara wa Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, nchi aliyoifahamu kwa sababu ya uwindaji. Miaka mitatu baadaye alipigana katika vita vilivyouangusha utawala wa Lobengula, mfalme yule yule aliyempa ruhusa ya kuwinda alipokuwa kijana asiye na kitu. Njia za mwindaji ziligeuka kuwa njia za ukoloni, na ukweli huo ni sehemu ya maisha yake sawa na vitabu na medali zake.

Kufikia miaka ya 1890 baruti isiyo na moshi ilikuwa imeingia, na vipenyo vikashuka tena. Selous naye alifuata, akitumia bunduki za milimita 7.7 na hata 6.5. Alioa mwaka 1894, akakaa Worplesdon kusini mwa Uingereza, na akaendelea kusafiri, ikiwa ni pamoja na kuwinda Afrika Mashariki na kumsaidia Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, kuandaa safari yake ya mwaka 1909.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa amepita umri wa kijeshi, lakini alishinikiza hadi akakubaliwa. Mei 1915, akiwa na miaka 63, alitua Mombasa na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, na mwezi uliofuata alishiriki shambulio la Bukoba.

Adui aliyekutana naye alibeba sehemu ya historia ya Selous mwenyewe. Kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilianza vita zikiwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye kipenyo cha milimita 11 na baruti nyeusi, yaani kipenyo kile kile kilichopendwa na walenga shabaha wa wakati huo. Kwa umbali zilipiga vizuri, lakini kila mlio ulipandisha moshi uliomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Ndiyo maana ushindi wa Wajerumani mjini Tanga, Novemba 1914, ulikuwa na thamani ya pekee: waliteka mamia ya bunduki za kisasa, bunduki za rashasha 16 na risasi takriban 600,000 zisizo na moshi.

Mwaka 1916 vita vilienea nchi nzima. Wakati kikosi cha Selous kikiwa upande wa Kilimanjaro, msafara wa Jenerali van Deventer uliteremka kutoka Arusha, ukapita Ufiome katika nchi ya Babati ya leo, chini ya uwanda wa juu wa Mbulu ilipo Daudi, na kuitwaa Kondoa Irangi mwezi Aprili. Kwa wakazi wa maeneo hayo vita vile vilikuwa mzigo wa wazungu uliowekwa juu ya migongo ya Waafrika. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi katika kampeni hiyo ni wengi mno kuliko askari waliouawa kwa risasi.

Selous aliugua mwaka huo, akafanyiwa upasuaji Uingereza, akarudi Desemba. Januari 4, 1917, siku nne baada ya kutimiza miaka 65, alikuwa mbele ya kampuni yake Beho Beho wakiwafukuza Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kuelekea Rufiji. Risasi moja ya mpiga shabaha ilimpata kichwani, akafa papo hapo. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kuhusu kifo hicho kwa heshima. Mwaka mmoja kamili baada ya siku hiyo, Januari 4, 1918, mwanawe Freddie, rubani wa kivita, aliuawa Ulaya.

Kaburi la Selous bado lipo Beho Beho, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Pori lililochukua jina lake liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na mwaka 2014 likawekwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini kwa sababu ya ujangili. Tembo waliohesabiwa katika eneo hilo mwaka 1976 walikuwa takriban 109,000. Sensa ya mwaka 2013 iliwakuta takriban 13,000 tu.

Mwindaji aliyetumia gobori alilazimika kumsogelea tembo hadi hatua chache, na kila mlio ulimuumiza. Kadiri kipenyo kilivyopungua, moshi ulipotoweka na shabaha ilipoongezeka, ndivyo umbali na uchungu vilivyomwondokea mpigaji, vikabaki kwa mnyama peke yake. Selous aliishi muda mrefu wa kutosha kuipitia safari hiyo yote kwa mikono yake, na amelala katika ardhi ambayo imelipa gharama yake.