Maisha ya Apolo Kivebulaya

Wanafunzi wetu wa Kasese na Bwera huvuka mpaka wa Mpondwe siku za soko, wakaingia Kasindi na kurejea jioni. Tumemchagua Apolo Kivebulaya kwa kifungu hiki cha masimulizi kwa sababu naye aliielekea Kongo, kaskazini zaidi ya hapa, ila safari yake haikuwa ya kurejea jioni.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina la pacha wa kwanza. Kivebulaya ni jina alilopewa kwa ajili ya koti jekundu la kijeshi alilozoea kulivaa. Kwa Kiganda maana yake ni kitu kitokacho Ulaya, na mwanafunzi atambue kwamba ki- hiyo ni ndugu wa ki- ya ngeli yetu ya KI-VI. Mwaka 1891 aliufuata msafara wa Lugard uliofika Katwe, penye ziwa la chumvi ambalo leo limo katika wilaya ya Kasese. Alibatizwa Januari 1895, na mwaka huohuo akaenda Toro kufundisha. Mwishoni mwa 1896 alivuka milima ya Rwenzori, akashuka bonde la Semliki, akafika Mboga.

Walimu wa dini hupenda kumlinganisha na Ibrahimu, aliyeitwa atoke Harani aende nchi asiyoijua. Ulinganisho huo ni wa haki, lakini husemwa kwa wepesi mno. Ibrahimu aliondoka pamoja na mkewe, na Lutu mwana wa ndugu yake, na watumishi na mali. Apolo alikuwa amefiwa na mkewe, wala hakuoa tena.

Huko Mboga mtawala Tabaro hakumtaka. Kisha likatokea jambo zito: dada yake Tabaro alijikwaa, akachomwa na mkuki wa Apolo, akafa. Apolo akashtakiwa kwa mauaji, akapigwa, akarudishwa Toro na kufungwa. Alisimulia baadaye kwamba katika siku hizo za mateso alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo kwamba yuko pamoja naye. Alipoachiliwa alirudi Mboga kwa watu walewale. Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa, akaitwa Paulo. (Msomaji ahesabu ni mara ngapi tumetumia -ka- katika aya hii, na aeleze kwa nini -li- isingetosha.)

Alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903, akahudumu Toro kwa miaka mingi. Wakati huo wakuu wa Ulaya walikuwa wakigawana ardhi, na mapatano ya 1910 yakaiacha Mboga upande wa Wabelgiji. Mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi, umri ambao wengi wetu huanza kuhesabu miaka ya kustaafu, aliiacha Toro akarudi Mboga. Kuanzia 1921 aliingia msitu wa Ituri kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao wote, akakaa nao, akajifunza lugha yao na kuwatafsiria Injili ya Marko. Kwetu sisi tunaofundisha lugha, hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote aliyoyafanya.

Ulinganisho na mababu wa Biblia unavunjika mwishoni, na hapo ndipo tunapomwona Apolo vizuri zaidi. Ibrahimu alinunua pango la Makpela kwa Efroni Mhiti, kwa shekeli 400 za fedha, apate mahali pa kumzika Sara. Yakobo, akifa Misri, aliwaagiza wanawe wamrudishe akazikwe katika pango hilo. Yusufu naye aliwaapisha ndugu zake kwamba mifupa yake isibaki ugenini. Imani yao iliitazama nchi waliyoahidiwa wao na uzao wao.

Apolo hakuwa na uzao, na nchi aliyoiendea hakuahidiwa kuimiliki. Alipougua aliomba azikwe Mboga, na kichwa chake kisielekezwe mashariki, kwao Buganda, kama ilivyokuwa desturi, bali magharibi, kwenye msitu ambao hakuwa ameumaliza. Alifariki tarehe 30 Mei 1933, akazikwa hivyo.