Mwana wa Unguja aliyerekodi albamu akijua hataisikia

MNAMO Mei 1991, katika studio iliyo kando ya Ziwa Geneva mjini Montreux, Uswisi, mwanamume wa umri wa miaka 44 aliyedhoofika mwili alisimama mbele ya maikrofoni na kuanza kuimba. Wimbo huo, Mother Love, alikuwa ameutunga pamoja na mpiga gitaa Brian May. Aliimba ubeti mmoja baada ya mwingine, kisha akawaambia wenzake kwamba amechoka na kwamba angerejea siku nyingine kuukamilisha.

Hakurejea. Miaka minne baadaye, mashabiki waliponunua albamu iitwayo Made in Heaven, walisikia ubeti wa mwisho wa wimbo huo ukiimbwa kwa sauti tofauti. Ilikuwa sauti ya May.

Aliyeuacha wimbo huo njiani ni Freddie Mercury, kiongozi wa sauti wa bendi ya Queen ya Uingereza. Ulimwengu wa muziki humhesabu miongoni mwa waimbaji hodari zaidi wa karne ya 20. Wachache hukumbuka kwamba alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa Septemba 5, 1946. Baba yake, Bomi, na mama yake, Jer, walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India, wafuasi wa dini ya kale ya Zoroaster. Bomi alikuwa keshia katika utumishi wa serikali ya kikoloni kisiwani humo, kazi iliyoiwezesha familia kuishi bila dhiki.

Wapo wanaopenda kumhusisha Mercury na taarab, kwa kuwa alizaliwa katika mji wa Siti binti Saad. Ni dai tamu, lakini halina mashiko. Siti alifariki mwaka 1950, mtoto huyo akiwa na umri wa miaka mitatu, na hata alipokua Farrokh hakukaa sana kisiwani. Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa India kusoma katika shule ya bweni ya St. Peter's, mjini Panchgani. Huko ndiko alikojifunza piano, akaanza kuitwa Freddie, na akaunda bendi yake ya kwanza, The Hectics, pamoja na wanafunzi wenzake.

Alirejea Unguja mwaka 1963. Visiwa vilipata uhuru Desemba mwaka huo, na mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, yakazuka mapinduzi yaliyouangusha utawala wa Sultani. Familia ya Bulsara ilikuwa miongoni mwa maelfu waliokimbia. Walifika Uingereza na kuanza maisha upya Feltham, magharibi mwa London. Farrokh alikuwa na umri wa miaka 17.

Kuanzia hapo Unguja ikafifia katika simulizi ya maisha yake. Alisomea sanaa ya uchoraji na usanifu katika chuo cha Ealing, akahitimu mwaka 1969, na kwa muda akauza mitumba katika soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Mwaka 1970 alijiunga na Taylor na May, akaipa bendi jina la Queen na kujipa yeye mwenyewe jina la Mercury. Mpiga gitaa la besi John Deacon alijiunga nao mwaka 1971.

Wakati huo vijana wa Uingereza walikuwa wametekwa na mtindo wa roki uitwao glam. Wanaume walijipaka wanja, wakavaa nguo za kumetameta na viatu vya visigino virefu. Vinara wake walikuwa Marc Bolan wa kundi la T. Rex na David Bowie. Queen waliingia kwa mlango huo huo, lakini Mercury hakuridhika na mapambo peke yake. Mwaka 1975 alitunga Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita unaochanganya roki na opera, na ambao msikilizaji wa Kiswahili hushtuka kusikia ndani yake neno Bismillah. Ulikaa kileleni mwa chati za Uingereza kwa majuma tisa.

Vibao vingine vilifuata, na baadhi vimezoeleka kiasi cha kusahaulika vilikotoka. Katika uwanja wa shule moja huko Konza, Machakos, mwandishi huyu amepata kuwasikia wanafunzi wakikanyaga ardhi mara mbili na kupiga kofi moja, tena na tena, kuishangilia timu yao. Huo ni mdundo wa We Will Rock You, ulioandikwa na May mwaka 1977 na kuimbwa na Mercury. Sidhani kama kuna aliyewaeleza watoto hao kwamba mwimbaji wake alizaliwa ng'ambo tu ya Tanga.

Yapo ya kulaumiwa pia. Mwaka 1984 Queen walitumbuiza Sun City, Afrika Kusini, wakati wasanii wengi duniani wakiisusia nchi hiyo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Chama cha wanamuziki wa Uingereza kiliwatoza faini. Kwa mtu aliyezaliwa Afrika na ambaye rangi yake ingempa taabu chini ya sheria za Pretoria, uamuzi huo hauna utetezi mzuri.

Mwaka mmoja baadaye, Julai 13, 1985, bendi hiyo hiyo ilipanda jukwaa la Wembley katika tamasha la Live Aid la kuwachangia waathiriwa wa njaa ya Ethiopia. Walipewa dakika kama 20 tu. Hadi leo wengi huzitaja dakika hizo kuwa maonyesho bora zaidi ya roki yaliyowahi kufanywa jukwaani.

Onyesho lake la mwisho na Queen lilikuwa Knebworth, Agosti 9, 1986. Mwaka uliofuata aliambiwa na madaktari kwamba ana virusi vya ukimwi. Waliojua ni wachache: Mary Austin, aliyewahi kuwa mchumba wake na akabaki rafiki wa karibu, Jim Hutton, mwanamume aliyeishi naye hadi mwisho, na baadaye wenzake wa bendi. Magazeti ya udaku ya London yaliuona mwili wake ukikonda na kuanza kumwinda. Yeye alikana au akanyamaza.

Hapa ni vigumu kutomkumbuka Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda aliyekuwa akiishi Uswidi. Mwaka 1989, Lutaaya alijitokeza hadharani na kutangaza kwamba ana ukimwi, jambo ambalo hakuna Mganda mashuhuri aliyekuwa amelithubutu. Alirudi nyumbani, akazunguka shuleni na makanisani akiwaonya vijana, hadi alipofariki Desemba mwaka huo. Alitukanwa, akashukiwa kuwa mwongo, lakini alisikika.

Mercury alichagua njia nyingine. Kuna wanaomlaumu kwamba sauti yake ingeokoa maisha mengi kama angesema mapema. Lawama hiyo ina uzito, lakini haipimi ukatili wa nyakati zile. Kenya yenyewe ilingoja hadi Novemba 1999 kabla ya Rais Daniel arap Moi kuutangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa. Kama mataifa yalinyamaza, mgonjwa mmoja asiyetaka kuhurumiwa naye ahesabiwe vipi?

Alichofanya ni kufanya kazi. Albamu ya Innuendo ilitoka Februari 1991, na mara tu baada ya hapo akarejea studioni Montreux. Aliwataka wenzake wampe maneno yoyote ya kuimba, naye angeyaimba kadiri pumzi ilivyoruhusu. Wao wangemalizia muziki baada yake. Kwa kuwa hakukuwa na muda wa kungoja ngoma zirekodiwe, mara nyingine aliimba juu ya mdundo wa mashine. A Winter's Tale, wimbo wa utulivu kuhusu mandhari ya ziwa na milima, ni wa siku hizo.

Novemba 23, 1991, alitoa taarifa kwamba ana ukimwi. Jioni ya siku iliyofuata akafariki nyumbani kwake Kensington kutokana na nimonia iliyosababishwa na ugonjwa huo. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mazishi yake yaliendeshwa na makuhani wa dini ya wazazi wake, na mwili ukachomwa. Mary Austin ndiye aliyekabidhiwa majivu, na hajawahi kufichua alikoyaweka.

Wenzake watatu walihitaji miaka kadhaa kuikamilisha kazi aliyowaachia. Nyimbo za Montreux hazikutosha, hivyo walichimbua maktaba: kipande cha piano na sauti cha mwaka 1980, nyimbo mbili kutoka albamu aliyoitoa peke yake mwaka 1985, na zingine zilizobaki kabatini. Wenzake hao walizivisha ala upya. Ni albamu yenye viraka, na mahali pengine mshono unaonekana. I Was Born to Love You, kwa mfano, una kelele nyingi kuliko unavyohitaji.

Lakini Mother Love hauna kiraka cha kulalamikia. Baada ya May kumaliza ubeti aliouacha mwenzake, husikika kwa mbali sauti ya Mercury akicheza na umati wa Wembley mwaka 1986, kisha vipande vya nyimbo vikipita kwa kasi, na mwishowe kilio cha mtoto mchanga.

Made in Heaven ilitoka Novemba 6, 1995, na ikashika nambari moja Uingereza. Ndiyo albamu ya 15 na ya mwisho ya studio ya Queen ikiwa na Mercury. Mwaka uliofuata madaktari walianza kutumia mchanganyiko wa dawa unaowawezesha wenye virusi kuishi miaka mingi. Deacon alijiondoa katika muziki mwaka 1997.

Unguja nayo ilichukua muda kuamua imfanye nini mwanawe huyo. Mwaka 2006, mipango ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa vikali na kundi la Uamsho, lililosema maisha yake na uhusiano wake na wanaume ni aibu kwa visiwa vya Kiislamu. Watalii hata hivyo waliendelea kuja wakiuliza nyumba yake. Novemba 24, 2019, miaka 28 kamili tangu afariki, jumba dogo la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Shangani, katika jengo linalotajwa kuwa ndimo familia ya Bulsara ilimoishi.