Sibawayhi: Mwanafunzi Aliyesahihishwa Mbele ya Wenzake



Kila anayesoma nahau chuoni hulisikia jina la Sibawayhi. Jina lake khasa ni Amr bin Uthman bin Qanbar, Mfursi aliyesoma Basra, Iraq, katika karne ya 2 Hijria. Wengi hatujui kuwa uimamu wake ulianzia kwenye kosa.

Mwanzo alikuwa akisoma Hadithi kwa Hammad bin Salama. Wapokezi wanasimulia kuwa siku moja, baada ya neno laysa, alilisoma jina la Abu Dardaa kwa rafa. Hakubahatisha. Alijua kuwa ism ya laysa hutiwa rafa. Asilolijua ni kwamba pale laysa ilikuwa ya istithnaa, na kinachofuata hutiwa nasba. Sheikh wake akamsahihisha hapo hapo darsani.

Kosa la anayedhani anajua huuma zaidi. Angeweza kununa akaacha kusoma. Yeye alitia nia ya kuitafuta elimu itakayomkinga na kosa kama lile, akamganda Al-Khalil bin Ahmad. Matunda yake ni kitabu ambacho yeye mwenyewe hakukipa jina. Watu wakakiita Al-Kitab tu, na ndio msingi wa nahau mpaka leo.

Baadaye alikwenda Baghdad, akajadiliana na Al-Kisai, imamu wa wanahau wa Kufa, mbele ya waziri Yahya bin Khalid Al-Barmaki. Suala lilikuwa irabu ya neno moja katika mfano wa nge na nyigu. Mabedui walioitwa kuamua wakawa upande wa Al-Kisai. Sibawayhi akaondoka Baghdad ameshindwa, akarudi Ufursi, akafariki angali hajazeeka. Wanazuoni wengi waliokuja baadaye waliona haki ilikuwa yake, lakini yeye hakuishi kuyasikia hayo. Kitabu chake kilisomeshwa na Al-Akhfash, mwanafunzi wake.

Kosa la kwanza lilikuwa mikononi mwake, akalirekebisha. La pili halikuwa mikononi mwake, na Mola hakuipoteza kazi yake.

Wazazi wenzangu, mtoto akirudi chuoni analia kwa kuwa kasahihishwa mbele ya wenzake, tusimcheke, wala tusimwendee mwalimu kwa ugomvi. Tukae naye, tufungue msahafu pale pale alipokosea, tuanze naye aya ile upya.

Mola amrehemu Sibawayhi. Wallahu aalam.