Maisha ya Tito, na Nchi Iliyomfuata Kaburini

Hapa Mtambile, pale njia ya Kengeja na Mwambe inapochepuka kutoka barabara ya Chake–Mkoani, mazungumzo ya barazani yakigusa Muungano hayachelewi kufika Yugoslavia. Mmoja atasema tutakuja kuvunjika kama wao. Mwingine atamjibu kuwa Yugoslavia ilisimama kwa sababu Tito alikuwa mkali, na kwamba na sisi tunahitaji mkali wa namna hiyo. Nimewasikia watu wazima wakibishana hivyo mpaka adhana ya laasiri, na chuoni nimeyasikia hayo hayo kwa maneno ya kisomi zaidi. Wote wanamtaja mtu mmoja, na sidhani kama wengi wetu tunamjua. Basi nimeona niyaandike maisha yake, kwa sababu ukiyafuata yeye unaijua na nchi yenyewe.

Josip Broz alizaliwa tarehe 7 Mei 1892 katika kijiji cha Kumrovec, Kroatia, wakati Kroatia ikiwa chini ya milki ya Austria-Hungaria. Alikuwa mtoto wa saba wa mkulima aliyeandamwa na madeni. Baba yake Mkroatia, mama yake Mslovenia wa kijiji cha Podsreda, ng'ambo tu ya mto Sutla. Sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha kwa babu yake mzaa mama, na aliporudi kwa baba kuanza shule, Kislovenia kilimjia upesi kuliko lugha ya darasani. Sisi wa Pemba hatuhitaji kuelezwa hali hiyo. Unafika Unguja au Dar, unafungua mdomo tu, watu washacheka. Kiswahili sanifu kilipojengwa miaka ya 1930 msingi wake ulikuwa Kiunguja, cha kwetu kikabaki kuwa lafudhi ya nyumbani.

Nchi aliyokuja kuitawala ilikuwa na kilomita za mraba kama 255,000, zaidi kidogo ya robo ya Tanzania, kwenye rasi ya Balkani, kusini mashariki mwa Ulaya. Kaskazini magharibi ni milima ya Alps. Pwani ya bahari ya Adriatiki ina visiwa na vijisiwa zaidi ya elfu moja. Ukiingia ndani unakuta milima ya chokaa iliyosimama kama kuta, na ukivuka hiyo unateremka kwenye tambarare za ngano na mahindi, ambako mto Sava unamwaga maji yake katika mto Danubi, pale pale Belgrade.

Milima iliwaficha watu, lakini dola kubwa zilikuja kuwakuta huko huko. Waturuki wa Kiosmani waliiteka Bosnia mwaka 1463, na watu wengi wa huko wakasilimu. Venisi ilishika sehemu kubwa ya pwani. Austria ikashika kaskazini. Kwa hiyo watu wanaozungumza lugha moja wakawa Wakatoliki huku, Waorthodoksi kule, Waislamu pale, na lugha yenyewe wakaiandika kwa hati mbili, ya Kilatini na ya Kisirili. Kwetu hati mbili si ajabu, maana wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi tunazotumia. Lakini kwao hati ilikuja kuwa kitambulisho: ukiona kibao cha duka unajua mwenye duka ni wa nani.

Kuna tarehe moja inayowaandama watu hawa, 28 Juni. Siku hiyo Waserbia wanaadhimisha vita vya Kosovo vya mwaka 1389, walivyopigana na Waosmani. Siku hiyo hiyo mwaka 1914 kijana wa Kiserbia kutoka Bosnia alimpiga risasi mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria mjini Sarajevo, na vita vikuu vya kwanza vikafuata. Tusidhani mambo hayo yalikuwa ya mbali. Miezi mitatu haijatimia, tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja.

Josip wakati huo alikuwa mtu wa miaka 22. Alishajifunza ufundi wa makufuli na vyuma, akatangatanga viwandani, hata kwenye kiwanda cha magari cha Daimler kule Austria, na sasa alikuwa sajini katika jeshi la Austria-Hungaria. Mwaka 1915 alichomwa mkuki mgongoni na mpanda farasi wa jeshi la Urusi, akatekwa. Akapona, akatoroka, akayaona mapinduzi ya Urusi kwa macho yake, akaoa huko. Aliporudi mwaka 1920 alikuta nchi mpya kabisa: ufalme wa Waserbia, Wakroatia na Waslovenia, uliozaliwa Desemba 1918 na kuja kuitwa Yugoslavia mwaka 1929, yaani nchi ya Waslavi wa Kusini.

Ufalme huo uliendeshwa kutoka Belgrade na mfalme Mserbia, na wengine wengi waliona si muungano bali wamemezwa. Chama cha Kikomunisti kilipigwa marufuku, Josip akakamatwa mwaka 1928 na kukaa jela zaidi ya miaka mitano. Jina la Tito lilikuwa moja tu kati ya majina yake ya kujificha. Mwaka 1937, wakati Stalin anawaua wakomunisti wengi wa Yugoslavia waliokimbilia Moscow, yeye alinusurika na akawa kiongozi wa chama.

Halafu, tarehe 6 Aprili 1941, Ujerumani ikavamia. Nchi ilianguka ndani ya siku kumi na moja. Hapa ndipo pagumu kuelezeka, kwa sababu Wajerumani na Waitalia hawakuwa wauaji pekee. Utawala wa Ustasha uliowekwa Kroatia uliua Waserbia, Wayahudi na Waroma kwa malaki. Wanamgambo wa Kiserbia walioitwa Chetnik waliua Waislamu na Wakroatia. Jirani alimgeukia jirani. Tito akajenga jeshi la msituni, Partizani, na nguvu yake ilikuwa moja: lilimpokea yeyote. Mserbia, Mkroatia, Muislamu wa Bosnia, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1943 walizingirwa mara mbili, mto Neretva na mto Sutjeska, na yeye mwenyewe akajeruhiwa kwa bomu. Tarehe 29 Novemba mwaka huo huo, katika mji mdogo wa Jajce, Bosnia, waliamua kuwa nchi itakayozaliwa itakuwa shirikisho.

Ikazaliwa mwaka 1945, na jamhuri sita: Slovenia, Kroatia, Bosnia na Herzegovina, Serbia, Montenegro na Masedonia. Ndani ya Serbia kukawa na majimbo mawili yenye mamlaka yake, Vojvodina na Kosovo. Ilizaliwa pia na damu. Partizani waliwaua maelfu ya mateka baada ya vita kwisha, na kwa miaka mingi ilikuwa hatari kulizungumza hilo hadharani. Wanaotaka mkali wa namna hiyo wasiiruke sehemu hii.

Tarehe 28 Juni tena, safari hii mwaka 1948, Stalin aliifukuza Yugoslavia kwenye umoja wa vyama vya kikomunisti. Dunia nzima ilingoja Tito aanguke. Hakuanguka. Alikataa kuwa kibaraka, akachukua misaada ya Magharibi bila kuhamia Magharibi, akawaachia wafanyakazi kuchagua mabaraza ya kuendesha viwanda vyao. Raia wake wakapata pasi iliyowapeleka mashariki na magharibi, jambo ambalo mtu wa Ujerumani Mashariki, waliotujengea ghorofa zetu pale Mkoani, hakuliota. Lakini waliosemekana kumpenda Stalin, zaidi ya watu elfu kumi, walipelekwa Goli Otok, kisiwa kikavu cha mawe katika Adriatiki, wakavunjishwa mawe na kulazimishwa kupigana wenyewe kwa wenyewe. Yeye akawa anapumzika kwenye visiwa vingine, vya Brijuni, penye miti mizuri na wanyama aliopewa zawadi na marais wenzake.

Kwa Afrika jina lake lilitoka kwenye msimamo huo wa kutofungamana na upande wowote. Mkutano wa kwanza wa nchi hizo ulifanyika kwake, Belgrade, Septemba 1961, nchi 25. Januari 1970 alianza ziara yake ya Afrika kwa kufika Tanzania. Miezi mitatu baadaye, Aprili, Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa maandalizi ya kikao cha wakuu wa nchi hizo kilichofanyika Lusaka Septemba. Mwalimu Nyerere na Tito walikuwa na la kuzungumza, bila shaka. Wote waliongoza miungano, wote walikataa kuchaguliwa marafiki na mataifa makubwa.

Sasa tuje kwenye kiini. Tito aliishughulikiaje nchi ya watu waliouana jana? Alifanya mambo mawili yanayopingana. La kwanza, aligawa madaraka kweli kweli. Waislamu wa Bosnia walihesabiwa kama taifa katika sensa ya 1971. Katiba ya 1974 ikaipa kila jamhuri nguvu kubwa, na urais wa nchi ukawa wa watu kadhaa, mmoja kutoka kila jamhuri na jimbo, wenye kupokezana uenyekiti baada ya yeye kufa. La pili, ugomvi wowote uliopanda juu aliumaliza yeye. Viongozi wa Kroatia walipodai zaidi mwaka 1971, aliwang'oa. Mwaka uliofuata akawang'oa na wa Serbia. Haki za makundi ziliandikwa, ila hakukuwa na mahali ambapo makundi yale yangebishana waziwazi, yakashindana kwa kura na kuzoea kushindwa. Mwamuzi alikuwa mmoja, na katiba hiyo hiyo ilimpa urais bila kikomo.

Alifariki Ljubljana tarehe 4 Mei 1980, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 88. Wajumbe wa nchi zaidi ya 120 walikuja kumzika Belgrade. Aliacha watu zaidi ya milioni 22, deni la nje lililokaribia dola bilioni 20, na kiti cha kupokezana kila mwaka. Deni lilipobana, kila jamhuri ikaona inanyonywa na nyingine. Wanasiasa, Slobodan Milošević wa Serbia akiwa mbele, wakagundua kuwa kufukua makaburi ya 1941 kunaleta wafuasi upesi kuliko kupunguza bei ya mkate. Slovenia na Kroatia zikatangaza uhuru tarehe 25 Juni 1991. Vita vikafika Bosnia mwaka 1992. Sarajevo ilizingirwa karibu miaka minne. Julai 1995, Srebrenica, wanaume na wavulana wa Kiislamu zaidi ya 8,000 waliuawa ndani ya siku chache.

Kwa hiyo wale wa barazani, mimi sikubaliani na yeyote kati yao. Hawakuvunjika kwa kuwa walikuwa tofauti. Katika miji ya Bosnia walikuwa wanaoana, wanakaa ghorofa moja, na wanazikana. Wala ukali wa Tito haukuwaokoa. Uliahirisha ugomvi, ukawanyima mazoezi ya kuumaliza. Muungano wetu una tofauti kubwa na wao: Mzee Karume aliuawa mwaka 1972, Mwalimu akang'atuka mwaka 1985 akiwa hai, na nchi ikaendelea kubishana bila wao. Lakini Pemba tusijidai. Mtu wa rika langu ameyasikia kwa wazazi wake: miaka ya tisini, baada ya vyama vingi kurudi, watu wa kijiji kimoja waliacha kununua dukani kwa jirani wa chama kingine, wengine waliacha kwenda mazikoni. Januari 2001 watu waliuawa kwa risasi hapa Pemba, na zaidi ya elfu mbili walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Ilichukua mpaka kura ya maoni ya 31 Julai 2010, ambapo thuluthi mbili hivi ya wapiga kura Zanzibar walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Hayo yalipatikana kwa watu kukaa na kuzungumza, tena kwa kuvunjika na kuanza upya mara kadhaa. Mkali hakuyaleta.

Yugoslavia leo ni nchi sita, na ya saba, Kosovo, iliyotangaza uhuru mwaka 2008, Serbia haijaikubali. Lugha ile moja sasa ina majina manne: Kiserbia, Kikroatia, Kibosnia na Kimontenegro. Kila tarehe 25 Mei, iliyokuwa sikukuu rasmi ya kuzaliwa kwa Tito, wazee huvuka mipaka na kufika kaburini kwake Belgrade, baadhi wakiwa na kofia za Partizani. Na katika baadhi ya miji ya Bosnia bado zipo shule mbili chini ya paa moja: watoto wa Kikroatia wanaingia kwa mlango wao, wa Kibosnia kwa mlango wao, kila upande na mwalimu wake na kitabu chake cha historia, na sura ya Tito inasomwa tofauti kila upande wa ukuta.