Aliyefukua Naye Atajwe

Mzee mwenyeji wangu hapa Machakos alikuwa akichimba mtaro wa fanya juu shambani alipokutana na jiwe lililochongwa mfano wa shoka. Akaniuliza: nikilipeleka makumbusho, nitapata nini? Mimi mtu wa Mombasa nikamjibu kwa kumsimulia maisha ya Louis Leakey.

Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamisionari Waingereza, akakua akizungumza Kikikuyu. Alisoma Cambridge, kisha akarudi kutafuta mifupa na zana za kale. Aliongoza Makumbusho ya Coryndon, Nairobi, akayafungulia milango watu wa rangi zote. Mwaka 1959, huko Olduvai, yeye akiwa kambini na homa, mkewe Mary aliliona fuvu la Zinjanthropus. Lililetwa Nairobi kuchunguzwa, na mwaka 1965 likarudishwa Tanzania, kwa wenyewe.

Leakey alifariki London mwaka 1972, na jina lake limo vitabuni. Lakini wengi waliopiga magoti juani walitoka huku Ukambani. Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni, wakati huo ikiwa ndani ya wilaya ya Machakos, aliajiriwa Olduvai mwaka 1960. Mwaka 1964 alipata taya la Peninj, na mwaka 1984 masalia ya Mvulana wa Turkana. Yeye alitunukiwa nishani Marekani mwaka 1985. Wenzake wangapi tunawajua?

Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1996, makumbusho ikitaka hazina iliyofukuliwa, thamani yake hukadiriwa na fedha hugawiwa aliyeipata na mwenye shamba. Kwetu, sheria ya mwaka 2006 inasema vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali, na anayevipata hutakiwa kutoa taarifa.

Sidai tulipe bei ya soko. Bei hiyo itazaa wachimbaji wa usiku, Machakos na hata kwenye magofu yetu ya Pwani. Lakini asiyetarajia hata asante atalitupa jiwe, au atamuuzia mtalii. Basi tumrudishie nauli, tumpe kifuta jasho, na jina lake liandikwe kando ya kitu alichokileta.

Mzee amekubali kulipeleka. Ameomba jambo moja tu: wajukuu wake wakienda kulitazama, walikute jina la babu yao.