Wasiwasi wa Vasco da Gama na siku alizozipoteza baharini

Sisi watu wa Pwani tuna msemo kwamba wasiwasi ndio akili. Siupingi. Nahodha asiyeogopa mwamba hufika chini ya bahari kabla ya kufika bandarini. Lakini naona tunausema msemo huu bila kuweka mpaka. Wasiwasi ukipita kiasi hauwi akili tena, huwa ndio unaokushika usukani. Mfano wangu ni mtu ambaye nguzo yake bado imesimama Malindi: Vasco da Gama.

Alizaliwa Sines, mji wa pwani nchini Ureno, katika miaka ya 1460. Tarehe 8 Julai 1497 aliondoka Lisbon na vyombo vinne, akitafuta njia ya baharini ya kufika India. Alizunguka ncha ya kusini ya Afrika, na Machi 1498 akafika kisiwa cha Msumbiji. Mwanzoni wenyeji waliwapokea Wareno wakidhani ni Waislamu wenzao. Ukweli ulipojulikana, pande zote mbili ziliingiwa na shaka, na mambo yakaishia kwa mizinga.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Da Gama alipofika Mombasa tarehe 7 Aprili, alitia nanga nje ya bandari akakataa kuingia. Siku tatu baadaye alipojaribu kuingia, chombo chake kilishindwa kugeuka, na katika purukushani hiyo wenyeji waliokuwa ndani wakajirusha majini. Usiku huo aliwatesa watu wawili aliowachukua Msumbiji kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini, mpaka wakasema kuna njama ya kumkamata. Sasa nikuulize, ndugu msomaji: mtu anayeunguzwa ngozi atasema nini ila kile mwenye mafuta anachotaka kusikia?

Lazima niwe mwadilifu. Usiku uleule waogeleaji walikuja kimyakimya kukata kamba za nanga zake. Hofu yake ilikuwa na mbegu ya kweli. Ila mbegu hiyo ilipandwa Msumbiji, na mizinga yake mwenyewe iliimwagilia maji. Habari za pwani hazikungoja meli, zilimtangulia.

Alipofika Malindi katikati ya Aprili, alimkuta mfalme aliyemtaka urafiki. Palikuwa na zawadi na shangwe za siku kadhaa. Hata hivyo da Gama hakukanyaga nchi kavu. Alizungumza na mfalme kila mmoja akiwa katika mashua yake. Na siku mbili zilipopita bila mgeni kuja melini, alimzuia mjumbe wa mfalme mpaka apewe rubani. Mfalme alimpa. Yaani kwa mwenyeji aliyemfungulia mlango, da Gama aliingia na mateka mkononi.

Tazama lakini faida ya kumsikiliza mwenyeji. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili na rubani aliyeijua bahari, upepo wa kusi ukiwa mgongoni. Baada ya siku 23 hivi waliona milima ya India. Tarehe 20 Mei walikuwa karibu na Calicut.

Huko wasiwasi ulirudi. Zawadi alizoleta, kama nguo, kofia, mabeseni, sukari na asali, zilichekwa, kwani mji ule ulizoea dhahabu. Wafanyabiashara walimtilia shaka, naye akawashuku wote. Watu wake walizuiliwa, naye akakamata wenyeji. Hatimaye tarehe 29 Agosti 1498 aling'oa nanga akakimbia, baadhi ya mateka wakiwa bado melini.

Hapa ndipo moyo wa hadithi yangu. Mvuvi yeyote wa Lamu au Vanga anajua kwamba mwezi wa Agosti hakuna upepo wa kukuleta Afrika kutoka India. Kusi bado iko njiani, halafu huja shwari, na kaskazi haishiki vizuri mpaka mwisho wa mwaka. Majahazi yalikuwa yakingoja, maelfu ya safari, miaka kwa miaka. Da Gama hakungoja. Alipumzika kidogo katika kisiwa cha Anjediva, na tarehe 5 Oktoba akaikabili bahari.

Safari iliyomchukua siku 23 wakati wa kwenda ilimchukua karibu miezi mitatu kurudi. Kiseyeye kiliwavimbisha fizi na miguu, na watu wapatao 30 wakafa katikati ya bahari. Kila chombo kilibaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Waliona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499. Ukipiga hesabu, angengoja kaskazi mpaka mwanzo wa Desemba, angefika karibu siku hiyohiyo, na watu wake wakiwa hai. Haraka yote ile haikumpa hata wiki moja.

Waliookoa maisha yao waliokolewa na Malindi, mji uleule aliouogopa kuukanyaga. Mfalme aliwapelekea machungwa na vyakula vingine. Siku chache baadaye, kusini ya Mombasa, da Gama alichoma moto chombo chake kimoja, São Rafael, kwa sababu hakuwa na mabaharia wa kukiendesha. Kaka yake Paulo alifariki katika visiwa vya Azores kabla ya kufika nyumbani. Kati ya watu wapatao 170 waliotoka Lisbon, waliorudi hawakufika nusu.

Ureno ilimpa heshima na cheo. Mwaka 1502 alirudi na kundi kubwa la meli, akachoma moto meli iliyojaa mahujaji waliotoka Makka, wanawake na watoto wakiwemo. Sitaki kuusingizia wasiwasi kwa hilo. Ule ulikuwa ukatili. Alifia Cochin, India, tarehe 24 Desemba 1524.

Naandika haya kwa sababu kila uchaguzi ukikaribia, au tetesi za bomoabomoa zikisikika, naona watu wetu wakiuza kiwanja kwa bei ya kutupa, wakifunga duka, wakivunja urafiki na jirani wa miaka 20. Wengi wana sababu ya kuogopa; historia yetu si nyepesi. Lakini kabla ya kung'oa nanga, tuulize kwanza upepo unavuma wapi, na tumuulize anayeujua. Wasiwasi ni akili ukikufanya uulize. Ukikufanya ukimbie kabla ya jibu, gharama yake huwaangukia waliomo chomboni.